Wimbo Mmoja kwa Nyumba Moja: Syauswa Gérard wa Vulamba Jazz

Ukipita Vulamba, mtaa wetu hapa Butembo, asubuhi ukasikia randa ikikwaruza mbao nyuma ya ua wa matete, huyo ni Syauswa Gérard. Ana miaka sabini na sita na bado anatengeneza vitanda, milango na majeneza kwa libuyu, mbao nyekundu inayotoka misitu ya Beni. Vijana wanaokuja kuagiza kitanda wanamwita fundi, wanabishana naye, wanaondoka. Hawajui kwamba mzee huyu ndiye aliyewaoza wazazi wao. Simaanishi kwamba alikuwa padri. Namaanisha kwamba katika Butembo niliyoijua mimi, mahari ingeweza kulipwa, padri au shehe angeweza kubariki, lakini bila wimbo wa Syauswa watu walikula wali wakarudi kwao wakisema hawakuona arusi.

Orkestra yetu iliitwa Vulamba Jazz. Watoto wa leo wakisikia jina hilo wanadhani tulipiga muziki wa Wamarekani. Zamani kila kikundi chenye gitaa mbili na tumba kilijiita Jazz, kama kila duka leo linavyojiita Maison hata kama linauza viberiti tu. Tulipiga rumba, na nyimbo za Kinande tulizozitia mwendo wa rumba. Syauswa alitunga na kupiga solo. Anne-Marie, binti wa katekista, aliimba. Mimi nilipiga gitaa ya akompa, ya kusindikiza solo, ile ambayo hakuna anayeisikia mpaka siku inapokosekana. Wenzetu wengine wamekufa. Tumebaki watatu.

Gitaa ya Syauswa ina historia yake. Shingo yake ya kwanza ilivunjika kwenye barabara ya Lubero, lori lilipozama kwenye matope na sisi sote tukashuka kusukuma, na mtu mmoja, ambaye sitamtaja kwa sababu bado anapiga akompa, akaikalia. Syauswa alirudi nyumbani akachonga shingo mpya kwa libuyu, na tangu siku hiyo gitaa hiyo ina sauti nzito kidogo, kama ya mtu aliyekula akashiba. Ukiishika inaelemea upande wa kushoto. Nimesikia gitaa nyingi za dukani. Sijasikia nyingine ya namna ile.

Sasa niseme alivyofanya kazi, kwa sababu hakuna tena anayeifanya hivyo.

Wiki mbili kabla ya arusi Syauswa alikwenda kukaa katika nyumba ya bwana na katika nyumba ya bibi. Hakubeba gitaa. Kwa Wakatoliki alikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, kwa Waislamu alikunywa chai ya maziwa, na kote aliuliza maswali ambayo hakuna aliyeyatazamia. Nyanya yenu alipokuja kuolewa alitoka wapi, na kichwani alibeba nini? Nani katika ukoo huu anapenda kununa? Mvua ikibomoa ukuta, mnamwita nani kwanza? Kisha alirudi kwenye karakana, akafanya kazi yake ya mbao siku nane au tisa bila kuongea sana, na siku ya kumi alituita tujifunze wimbo. Kila nyumba ilipata wimbo wake. Majina ya watu wake yalikuwa ndani, vilima vyao, kichekesho chao kimoja, na kilio kimoja.

Wimbo huo uliimbwa siku tatu tu. Siku ya arusi. Siku mtoto wa kwanza alipotolewa nje kuonyeshwa watu. Na siku ya kuzika, mume au mke. Wa pili akishazikwa, wimbo ulikuwa umekwisha, na hatukuugusa tena. Hatukuwahi kuimba wimbo wa nyumba moja katika nyumba nyingine. Walikuja watu na mashine za kaseti wakitaka kuturekodi, Syauswa akawatengenezea viti vya kukalia, akawapa chai, akawaaga.

Nimeona nyimbo nzuri zikiisha hivyo, na ziliniuma. Siku moja, tukitoka mazishini, nilimwambia aandike.

"Niandike nini?"

"Ule wimbo wa leo."

"Benyewe bamelala," alisema. "Utaimbia nani?"

Kuna jambo moja zaidi, na msomaji alishike. Katikati ya kila wimbo palikuwa na mahali pasipo na maneno. Sisi tulipaita kiti. Anne-Marie alinyamaza na gitaa ikazunguka peke yake, sauti zilezile, mpaka mwenye nyumba aseme "endelea." Siku ya arusi bwana husema haraka, kwa sababu anataka kucheza. Siku ya mazishi kiti kinajazwa: Anne-Marie anaimba jina la mahali marehemu alipolazwa, kilima gani, upande gani wa mto. Baada ya hapo gitaa haizunguki tena pale.

Syauswa alikosea mara moja tu katika maisha yake, na watu walihakikisha hasahau. Kwetu Wanande binti wa pili katika nyumba huitwa Kavira, kwa hiyo nchi hii imejaa akina Kavira kama ilivyojaa migomba. Mwaka wa themanini na saba, mwezi wa nane, tulikuwa na arusi ya Kavira mmoja hapa Vulamba Jumamosi, na ya Kavira mwingine Kalunguta Jumapili. Tulifika Kalunguta tumechoka, miguu imevimba. Syauswa akafungua wimbo, Anne-Marie akamfuata, na tulikuwa katika mstari wa pili mama wa bibi arusi aliposimama na sahani mkononi.

"Ngojeni kwanza. Huyu nyanya mwenye kubeba kinu ni wa nani?"

Gitaa zikanyamaza.

"Nyanya yetu alikuja na mbuzi," alisema yule mama. "Kinu alikikuta hapa."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Lakini baba wa bwana hakucheka. Alikwenda akafunga lango la ua, ili watu wa nje wasiendelee kusikia mambo ya nyumba ya wenyewe. Syauswa aliweka gitaa chini. Aliomba msamaha amesimama, kofia mkononi, kisha akafungua wimbo wa haki. Juma lililofuata alipeleka mbuzi Kalunguta na mbuzi mwingine kwa Kavira wa Vulamba, ambaye wimbo wake ulikuwa umetembezwa bila ruhusa. Halafu akaifungia gitaa katika sanduku mwaka mzima. Hakuna aliyemtaka afanye hivyo. Alijihukumu mwenyewe.

Leo anakuja kijana na kompyuta na maspika marefu kuliko kabati, anapiga wimbo mmoja kwa akina Kavira wote wa mji, na hakuna anayesimama na sahani kuuliza nyanya ni wa nani.

Mwaka jana, mwezi wa sita, Hadjara alifika karakanani akitoka Beni. Hadjara anauza vitenge sokoni Beni, na mume wake, Idi, alikuwa dereva wa lori. Tuliwaimbia mwaka wa tisini na nane, na mwaka uliofuata tena, Faraja, mtoto wao wa kwanza, alipotolewa nje. Nilikuwepo karakanani siku hiyo, nimekaa juu ya rundo la mbao, kwa hiyo ninayoyaandika niliyasikia.

"Wavukire, Muzee."

"Wavukire, mama Faraja. Kaa. Hapana pale, pale kuko gundi. Utaenda na kiti yangu Beni."

Alikaa. Alisema Faraja anaolewa na Issaka, kijana anayeuza mafuta ya mawese, mwenye adabu.

"Ni vizuri," alisema Syauswa. "Nitakuya kukaa kwenu na kwabo. Nitatunga."

"Ya Faraja utatunga. Mais miye nimekuya juu ya ile yangu."

Syauswa aliacha randa.

Miaka saba kabla ya siku hiyo Idi aliondoka na lori kwenda Kamango, amebeba chumvi na sabuni. Lori lilipatikana njiani, mlango wa dereva wazi, termosi ya chai imesimama juu ya kiti, chai haijamwagika. Idi hakupatikana. Walimtafuta ndugu zake, walimtafuta wanajeshi, na Hadjara mwenyewe alienda mpaka kambi za wakimbizi ng'ambo ya mpaka, kila mahali akionyesha picha. Hakuna maiti, hakuna kaburi, kwa hiyo hakuna mazishi, na wimbo wao haukuimbwa tena.

"Niliona mikono yako kwa kilio ya mwezi ule," Hadjara alisema. "Vidole mbili havishike tena. Mama Anne-Marie naye anazeeka. Na huyu," alininyooshea kidevu, "sitasema kitu. Mukienda batatu, wimbo yangu inaenda. Na kiti ya Idi iko bado wazi. Nani ataijaza, siku Mungu ataonyesha kwenye alilala? Ao nani ataimba, kama anarudi?"

"Anne-Marie anajua maneno."

"Nilimuuliza. Anasema bila gitaa yako hata mstari moya haumuyii kichwani."

Hilo lilikuwa kweli. Anne-Marie alikuwa na nyimbo zaidi ya mia kichwani, na gitaa ndiyo iliyokuwa ufunguo wa kila mlango.

"Mama Faraja," Syauswa alisema taratibu, "arusi ni ya Faraja na Issaka. Siwezi kuimba nyumba yako mu nyumba ya Issaka. Ile kosa nilishaifanya Kalunguta. Mupaka leo nikipita kule bananiuliza habari ya kinu."

"Hapana kwa Issaka. Kwangu."

Alichukua randa tena, akasukuma mara mbili tatu. Mikunjo ya mbao ilianguka miguuni pake. Kisha, bila kumtazama: "Faraja anatoka kwako saa ngapi?"

"Saa nane. Nyuma ya sala ya adhuhuri."

"Donc mbele ya saa nane iko bado mutoto ya nyumba ya Idi."

"Bado," alisema Hadjara.

Alipoondoka, nilimkumbusha Syauswa kwamba sheria ilikuwa siku tatu, na siku hii haikuwa mojawapo.

"Sheria ni nani aliweka?"

"Ni weye."

"Basi," alisema, akanipa msasa nimsaidie kulainisha mguu wa kitanda.

Vile vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimekufa tangu mwaka uliotangulia. Alikaa siku kumi akilegeza nyuzi za gitaa na kuzikaza upya, mpaka akapata namna ambayo nyuzi zenyewe, bila kubanwa, zilitoa nusu ya sauti aliyoihitaji. Nusu iliyobaki aliitafuta kwa vidole viwili vilivyo hai. Nimesoma vitabu vingi peke yangu, na hakuna kitabu kilichonifundisha kitu kama siku hizo kumi.

Tulikwenda Beni kwa taksi, asubuhi, sanduku la gitaa katikati ya magoti yetu. Kwenye kizuizi kimoja mwanajeshi aliinamisha kichwa dirishani.

"Vieux, iko nini mu hii sanduku?"

"Muke yangu wa kwanza," alisema Syauswa.

"Ni ule analisha vizuri," aliongeza Anne-Marie. "Ungeona vile wa nyumbani alikonda."

Mwanajeshi alicheka, akatuacha tupite.

Langoni kwa Hadjara alisimama Lukman, mdogo wake Idi, ambaye naye ana malori mawili. Yeye ndiye aliyesimama mahali pa baba katika arusi ile. Alitusalimu wote kwa mikono miwili, akampokea Syauswa sanduku, lakini hakutoka langoni.

"Muzee, heshima yote. Shemeji aliniambia asubuhi hii tu. Kuleni, mupumzike, muimbe ingine yote munataka. Ile, hapana. Ile ni ya kuzika. Ndugu yangu hatuyamuzika."

"Lukman," alisema Syauswa, "siku tuliimba hapa mara ya kwanza, ulicheza mupaka kiatu ikapasuka. Nilikuona. Tulikuwa tunazika nani?"

"Ile siku alikuwa hapa."

"Na ile kiti yake ilikuwa wazi. Leo pia iko wazi. Sitajaza."

"Weye hautajaza. Na mama Anne-Marie?"

Anne-Marie alikuwa akifunga kitambaa chake upya. Hakuinua sauti. "Nitajaza na nini, mutoto yangu? Nipe jina ya kilima."

Lukman hakuwa na jina la kilima. Hakuna aliyekuwa nalo, katika Beni yote na Kamango yote, na sote wanne tulisimama pale langoni bila jina hilo. Mwishowe Lukman aliinua sanduku la gitaa juu ya bega, akaingia nalo ndani.

Alipoona wasichana wameshika simu tayari, alichukua kikapu cha mkate akakaa mlangoni.

"Simu hapa. Bote."

"Baba mudogo, ni kwa souvenir tu," alisema mmoja.

"Souvenir inakaa mu kichwa. Kama kichwa yako haina nafasi, hiyo ni kosa ya nani?"

Hakuna aliyemwagiza. Nilimtazama akizipanga simu kikapuni, moja juu ya nyingine, nikasema moyoni kwamba huyu angefaa Vulamba Jazz.

Tuliimba chumbani, si uani, kwa watu wa nyumba tu. Hadjara alikaa kwenye mkeka, Faraja kando yake, hina mikononi, nguo ya arusi bado haijavaliwa. Syauswa alianza polepole. Ile sauti nzito ya libuyu iliingia chumbani, na Anne-Marie, aliyekuwa amekaa amefumba macho kama mtu anayesinzia, alifungua mdomo na maneno yote yakatoka, baada ya miaka ishirini na mitano, bila hata moja kuteleza. Ana miaka sabini. Sauti yake imepungua urefu, haijapungua ukweli. Kwenye mahali pa kichekesho Hadjara alicheka na kujifunika mdomo, na Faraja, ambaye hakujua kwamba baba yake alichekwa hivyo na watu wote siku ya arusi yake, alicheka mara mbili.

Kisha tukafika kwenye kiti.

Anne-Marie alinyamaza. Gitaa ikazunguka. Kazi ya kusema "endelea" ilikuwa ya Idi, na hakuwepo. Ikazunguka mara ya pili, ya tatu. Hadjara alikuwa akitazama mikono yake. Nilimwona Syauswa akitokwa jasho penye nywele. Vidole viwili vilikuwa vinafanya kazi ya vinne, na kila mzunguko ulikuwa unavichosha. Niliikaza akompa nimshikilie, kama mtu anavyoshikilia ngazi mwingine akiwa juu. Mara ya tano. Mara ya sita. Angeweza kuacha, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakuacha. Mlangoni Lukman alianza kugonga pembeni mwa kikapu kwa kidole kimoja, taratibu, vilevile Idi alivyokuwa akigonga mlango wa lori kabla ya kuondoka. Sidhani alijua kwamba anagonga.

Hadjara aliinua kichwa.

"Endelea," alisema.

Anne-Marie akaingia, na tukaumaliza wimbo.

Nilidhani kazi imekwisha, nikaanza kufungua mkanda wa gitaa. Syauswa akanizuia kwa mkono. "Faraja, kuya karibu. Nitakupatia mstari moya moya. Nawe unirudishie."

"Miye, Muzee? Siyui kuimba."

"Sikuulize kama unayua kuimba. Nakuuliza kama weye ni mutoto ya hii nyumba."

Alisogea. Anne-Marie alimpa mstari wa kwanza, naye akaurudisha, kwa aibu, kisha wa pili. Nje magari ya watu wa Issaka yalikuwa yameshafika, yanapiga honi. Nilisikia mtu akiuliza langoni bibi arusi yuko wapi, na Lukman akimjibu: "Mungojee. Anasoma."

Walipofika kwenye kiti Faraja alisimama. "Hapa naweka nini?"

"Hapa hapana kuweka kitu," alisema Syauswa. "Unangoja mama yako aseme endelea."

"Na kama mama haiko?"

Mzee alimtazama Hadjara kwanza, kisha akamjibu Faraja. "Basi ni weye utasema. Na siku banaleta jina ya kilima, utaijaza. Na kama baba yako anaingia kwa lango, ataisema mwenyewe."

Waliupitia wote mara tatu. Mara ya tatu Faraja hakuhitaji mtu. Hadjara aliinuka akaenda kumvalisha, na saa nane na nusu binti huyo akavuka kizingiti. Kwa Issaka tuliimba wimbo mpya, wimbo wao, ambao ndani yake kuna pipa la mawese na mjomba mmoja mwenye kununa, na Issaka alisema "endelea" upesi hata kabla gitaa haijamaliza mzunguko wa kwanza, watu wakamcheka.

Tangu siku ile Syauswa ameziita nyumba kumi na tatu, moja baada ya nyingine, ambazo bado zina mtu hai na wimbo usiokwisha. Wanakuja karakanani Vulamba, mtoto mmoja kwa kila nyumba, wanakaa kwenye mbao. Anawafundisha asubuhi, mlango umefungwa, na mtoto wa nyumba ya pili anangoja barabarani ili asisikie ya nyumba ya kwanza.

Maneno ya wimbo wa Idi na Hadjara ninayajua yote, nimeyapigia akompa mara tatu. Sikuyaandika hapa, na msomaji asiniulize. Yako Beni, kwa Faraja.